Mbale ni Nini, na ni ya Nani? Dhahabu, Ardhi na Mabishano ya Migodi katika Shinyanga na Geita

Dhahabu ya Geita haitoki ardhini ikiwa kipande kinachong'aa kama watu wengi wanavyodhani. Tani moja ya mwamba wa mgodi wa wazi, ambayo ujazo wake unazidi kidogo theluthi moja ya mita ya ujazo, kwa kawaida huwa na gramu 3 au 4 tu za dhahabu. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3, gramu 4 hazizidi ukubwa wa punje moja ya mahindi. Tena punje hiyo haikai mahali pamoja. Imetawanyika katika jiwe zima kwa chembe ambazo mara nyingi jicho haliwezi kuziona.

Asiyeijua hesabu hii ndogo hawezi kuelewa vema mabishano ambayo yameandamana na kila mradi wa mgodi mkubwa katika nchi ya Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza tangu miaka ya 1990. Husemwa mara nyingi kwamba mabishano hayo ni kati ya wapendao maendeleo na wasiyoyapenda. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Waliopinga na waliounga mkono walikuwa na hesabu zao, na aghalabu hesabu za pande zote mbili zilikuwa sahihi. Walichotofautiana ni aina ya mwamba uliokuwa chini ya miguu yao, chombo walichokuwa nacho mkononi, na hasara ambayo kila mmoja angeibeba.

Mwamba wenyewe

Kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Geita hadi Kahama na kuendelea mashariki kuelekea Shinyanga, imetapakaa miamba ya kale sana ambayo umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Wanajiolojia huiita miamba ya kijani, kwa sababu ya rangi ya madini yaliyozaliwa humo baada ya lava na mashapo ya kale kukandamizwa na kupashwa moto ndani ya ardhi. Katikati ya miamba hiyo mna matale mengi. Maji ya moto yaliyobeba dhahabu yalipita katika nyufa za miamba, na yalipopoa au kukutana na madini ya chuma yaliiacha dhahabu hapo.

Dhahabu haikuachwa kwa namna moja kila mahali. Huko Geita sehemu kubwa imekaa ndani na kandokando ya matabaka ya mwamba wenye chuma kingi, nayo imesambaa katika upana mkubwa kwa kiwango cha chini. Bulyanhulu, katika eneo la Kahama, imo katika mishipa myembamba iliyosimama karibu wima, pamoja na shaba na salfaidi. Humo tani moja huweza kuwa na zaidi ya gramu 10. Mishipa hiyo huzama sana; mgodi uliojengwa baadaye ulichimba shimo la wima la zaidi ya mita 1,000.

Jambo la tatu ni hali ya mwamba karibu na uso wa ardhi. Katika makumi ya mita ya juu, mvua na hewa vimezila salfaidi kwa muda mrefu sana. Mwamba umelainika, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ya salfaidi imebaki huru. Mtu mwenye sururu, nyundo na karai anaweza kuipata. Chini ya hapo maji huanza kujaa shimoni, jiwe ni gumu, na dhahabu hujificha tena ndani ya salfaidi, ambako zebaki haiishiki vizuri. Kwa hiyo kilima kimoja kina hazina mbili: ya juu, ambayo mkono unaifikia, na ya chini, ambayo haifikiwi ila kwa mitaji na mitambo.

Mbale na magwangala

Neno mbale humaanisha jiwe lenye madini yanayofaa kuchimbwa. Mwanafunzi aangalie sana neno "yanayofaa". Karibu kila jiwe duniani lina chembe za dhahabu, walakini si kila jiwe ni mbale. Jiwe huwa mbale pale thamani ya dhahabu iliyomo inapozidi gharama za kulipasua, kulibeba, kulisaga na kulichenjua. Bei ya dhahabu ikipanda, jiwe lililokuwa takataka jana huwa mbale leo bila lenyewe kubadilika hata chembe.

Watu wa Geita wanaujua ukweli huu bila kuusoma shuleni, kwa maana wana jina la jiwe lililotupwa na mgodi mkubwa: magwangala. Kampuni hupasua mwamba, hupima, na ule ambao kiwango chake kiko chini ya mpaka wa faida hupelekwa kwenye lundo. Kwa kampuni hayo ni mabaki. Kwa kijana asiye na mshahara wa kulipa wala mtambo wa kuendesha ni mbale halisi, kwa kuwa anaweza kuchagua kwa jicho mawe yenye mishipa ya kwatsi, akayabeba, akayaponda na kupata chochote. Katika miaka ya 2010 vijana wa Geita walidai magwangala kwa nguvu, na ahadi za kuwapa zilitolewa mara kadhaa na viongozi. Wataalamu wa mazingira nao walikuwa na hoja yao: mwamba wenye salfaidi ukikutana na maji na hewa hutoa asidi ya salfuriki, hivyo lundo hupangwa na kufunikwa kwa mpango maalumu, na kulifukua ni kuuvuruga mpango huo. Isitoshe, mteremko wa lundo la mawe yasiyoshikana huporomoka bila kutoa ishara.

Kwa hiyo lundo moja lilikuwa takataka, mbale na hatari kwa wakati mmoja, kutegemea anayelitazama ni nani. Mabishano mengi ya migodi ni ya namna hii, ingawa si yote yanayoonekana wazi kama lundo la mawe kando ya barabara.

Geita: mgodi unaokula ardhi

Uchimbaji wa dhahabu Geita si jambo geni. Kati ya mwaka 1936 na 1966 palikuwa na mgodi uliotajwa kuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Ulipofungwa, walibaki wakulima, na baadaye wachimbaji wadogo. Mgodi mpya wa wazi ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukiwa mali ya kampuni za Ashanti na AngloGold, ambazo ziliungana mwaka 2004.

Yafaa kuifuata hesabu ya mgodi wa wazi. Tuseme kila tani ya mbale ina gramu 4, na mtambo hupata asilimia 90 yake, yaani gramu 3.6. Ili kupata kilo moja ya dhahabu zahitajika tani 278 hivi za mbale. Lakini mbale haiko juu juu. Hapana budi kuondoa kwanza mwamba unaoifunika. Ikiwa kila tani ya mbale inadai kuondolewa tani 6 za mwamba mtupu, kilo moja ya dhahabu itakuwa imesogeza takriban tani 1,950 za mawe. Mawe hayo yanahitaji mahali pa kuwekwa, na unga wa mwamba uliokwisha kuchenjuliwa unahitaji bwawa la kuuhifadhi daima. Huu ndio mgodi unaokula ardhi.

Ndiyo maana malalamiko ya Geita yamekuwa hasa ya ardhi na makazi: mashamba yaliyochukuliwa, fidia iliyochelewa au kuonekana ndogo, njia zilizofungwa, na nyumba ambazo wenyewe walisema zimepata nyufa kwa sababu ya milipuko ya kupasulia mwamba. Suala la nyufa ni la kisayansi kabisa, nalo lingeweza kupunguzwa makali mapema. Mtetemo wa mlipuko hupimwa kwa chombo, na nguvu yake hupungua kwa umbali. Lakini nyumba ya matofali mabichi kwenye udongo unaotanuka wakati wa masika hupata nyufa hata pasipo baruti. Bila picha na vipimo vya nyumba kabla ya mlipuko wa kwanza, upande wowote unaweza kusema upendavyo, na hakuna awezaye kumkanusha mwenzake.

Kuthamini mali kwa ajili ya fidia kuna ugumu wake. Nyumba, mwembe na ekari ya pamba ni rahisi kuhesabu. Lakini mkoani Shinyanga familia na vijiji vina ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, desturi iliyofufuliwa na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Ngitili ni majani, kuni, dawa, asali na akiba ya mwaka wa ukame. Chemchemi nayo, na makaburi ya ukoo, havina bei sokoni. Mthamini aliyezoea kuandika idadi ya miti na mabati atapata tarakimu safi, na mwenye mali ataona nusu ya maisha yake haimo katika fomu.

Hata hivyo wapo wengi wa Geita waliousubiri mgodi kwa hamu, na haki yao isidharauliwe. Bei ya pamba ilikuwa imewavunja moyo wakulima, vijana waliomaliza shule hawakuwa na kazi, na mji ulikuwa mdogo. Fundi makanika, mama mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya kupangisha na dereva wa lori waliona mbele yao soko ambalo pamba haikuwa imewapa kwa miaka mingi. Mji wa Geita umekua mno tangu hapo, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya wenye jina hilo hilo.

Bulyanhulu: mgodi unaowaondoa wachimbaji

Mgodi wa chini ya ardhi hula ardhi kidogo. Kwa mbale ya gramu 10 na upatikanaji wa asilimia 90, kilo moja ya dhahabu yahitaji tani 111 tu. Ingetazamiwa basi kwamba Bulyanhulu pangekuwa na mabishano machache kuliko Geita. Ilikuwa kinyume, na sababu ni ile hazina mbili katika kilima kimoja.

Dhahabu ya Bulyanhulu ilijulikana tangu miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walimiminika, wakachimba maduara, wakayaegemeza kwa matimba na kuifuata mishipa kwenda chini. Mwaka 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kununua dhahabu kutoka kwao, hatua iliyowafanya wengi waamini kuwa kazi yao inatambuliwa na Taifa. Makambi yakawa vijiji vyenye maduka, misikiti na makanisa. Idadi ya watu haikukubaliwa kamwe: makadirio yalitoka makumi ya maelfu hadi mamia ya maelfu, kila upande ukitaja ile iliyoupa nguvu.

Mwaka 1994 kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, iliyoitwa Kahama Mining Corporation, ilipewa haki ya eneo hilo. Kwa sheria ya madini ya mwaka 1979 madini yote yalikuwa mali ya Jamhuri, na aliyepewa leseni alipewa kilima chote, cha juu na cha chini. Shauri lilifika Mahakama Kuu Tabora. Mwisho wa Julai 1996 Serikali iliwaamuru wachimbaji waondoke, na mwezi wa Agosti maduara yakafukiwa. Kulitolewa madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko, katika taarifa yake ya mwaka 2002, haikuyathibitisha. Chama cha wanasheria wa mazingira kiitwacho LEAT kiliendelea kudai uchunguzi huru. Kampuni ya Barrick iliununua mradi mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2001.

Je, hazina mbili zingeweza kuchimbwa na watu wawili? Swali hili lastahili kuchukuliwa kwa uzito. Upo ugumu wa kweli wa kiufundi: maduara yaliyo juu ya mgodi wa chini huingiza maji ya mvua, hudhoofisha dari la mwamba, na baruti ya upande mmoja huhatarisha maisha ya upande wa pili. Kuwaacha watu wachimbe palepale bila mpango lingekuwa kosa kubwa. Lakini yalikuwapo mambo ya kujadili: muda wa kuondoka, mishipa ya pembeni ambayo kampuni haikuihitaji, malipo ya maduara na si ya nyumba tu. Mwenye duara alikuwa ametumia miezi, pengine miaka, kulishusha mita 40 kabla ya kufikia mbale. Kwa macho ya sheria hakuwa na kitu, kwa sababu hakuwa na leseni. Kwa macho yake mwenyewe alikuwa na rasilimali yake yote. Amri ya kuondoka upesi haikuacha nafasi ya kulipima jambo hilo.

Kwa upande wa faida, mgodi ulivuta maji kwa bomba kutoka Ziwa Viktoria, umeme ukafika, na zikapatikana kazi zenye ujuzi. Tatizo la kazi hizo ni idadi yake. Mtambo mmoja wa kuchoronga mwamba hufanya kazi ya wachimbaji wengi wa mkono; faida ya mgodi mkubwa hutokana na jambo hilohilo. Mwenye duara wa zamani asiye na cheti alitazama ajira hizo kutoka nje ya ua.

Sumu mbili

Katika mikutano ya vijiji neno sumu hutajwa kila mara, na mara nyingi bila kutenganishwa. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki, ambayo hushikamana na chembe huru za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki hupaa ikiwa mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke huo huingia mapafuni mwa mchomaji, na mara nyingi mwa mkewe na watoto walio karibu na jiko. Zebaki ni elementi, kwa hiyo haiozi wala haivunjiki. Ikifika ziwani, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa methili-zebaki, inayozidi kukusanyika kadiri samaki mmoja anavyomla mwingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020.

Mgodi mkubwa hutumia sianidi, ambayo pamoja na oksijeni huyeyusha dhahabu katika maji. Dhahabu hiyo hunaswa na mkaa maalumu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Sianidi huua haraka kuliko zebaki, lakini ni mchanganyiko wa kaboni na nitrojeni, na jua na hewa huivunja taratibu. Hatari yake kubwa ni kupasuka kwa bwawa au kuvuja kwa ghafla. Hatari ya zebaki ni ya polepole na haionekani.

Njia ya zebaki hupata sehemu ndogo tu ya dhahabu, pengine theluthi moja. Mchanga unaobaki, ambao wachimbaji huuita marudio, bado una dhahabu nyingi, nao huuzwa kwa wenye mitambo midogo ya sianidi iliyoenea Geita na Kahama. Hapo sumu mbili hukutana, na sianidi huweza kuiyeyusha zebaki iliyobaki mchangani na kuirahisishia njia ya kuingia katika maji. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba hatari hii hutajwa mara chache kuliko ile ya migodi mikubwa.

Nani apate nini

Chini ya sheria ya madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Katika mikataba ya wakati huo halmashauri ya wilaya ilipata dola 200,000 kwa mwaka, hata bei ya dhahabu ipande namna gani. Mwanakijiji aliyeona malori usiku na mchana, na zahanati yenye dawa haba, hakuhitaji shahada ili aulize swali. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, uliotiwa saini London mwaka 2007, ulizua mjadala mkali Bungeni, na mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa. Tume ya Jaji Mark Bomani iliundwa mwaka huohuo. Sheria ya mwaka 2010 iliuongeza mrabaha hadi asilimia 4. Mwaka 2017, baada ya usafirishaji wa makinikia kuzuiwa, ulifikia asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na migodi ikatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mipango yake ya kuhudumia jamii. Zuio hilo lilikuwa na gharama pia: Bulyanhulu ilipunguza shughuli zake, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi hadi uzalishaji uliporejea. Kupitia kampuni ya Twiga, Serikali sasa ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Soko la kwanza la dhahabu la kuwahudumia wachimbaji wadogo lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hazikuwako maduara ya Bulyanhulu yalipofukiwa. Ya pili inadai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza, na wananchi wasikilizwe. Lakini taarifa ya tathmini ina kurasa mamia, na lugha yake ya kitaalamu si ile ya mkutano wa kijiji. Mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu huenda akawa ndiye mtu pekee katika kata awezaye kuisoma jedwali ya vipimo vya maji na kuieleza kwa Kiswahili au Kisukuma.

Kazi ya darasani

Wanafunzi wapewe mgodi wa wazi wa kubuni. Unasaga tani 5,000 za mbale kwa siku, kila tani ina gramu 3 za dhahabu, na mtambo hupata asilimia 90. Kila tani ya mbale inaambatana na tani 6 za mwamba mtupu, na mgodi utadumu miaka 10. Wakokotoe kwanza dhahabu ya siku moja na sehemu ya mrabaha kwa asilimia 6. Kisha wakokotoe ukubwa wa lundo la mwamba mtupu, wakichukulia kwamba mita ya ujazo ya mawe yaliyolundikwa ina tani 2 na kwamba kimo cha wastani ni mita 50. Mwisho wahesabu ni kaya ngapi zenye hekta 4 kila moja zitapoteza mashamba kwa sababu ya lundo peke yake. Baada ya hapo darasa ligawanywe kuwa wakulima, wenye maduara, wafanyabiashara wa mjini, halmashauri na kampuni, na kila kundi liandike masharti ambayo kwayo lingeukubali mradi, kwa tarakimu.

Majibu ya hesabu: kilo 13.5 za dhahabu kwa siku. Mrabaha wenye thamani ya gramu 810. Lundo la hekta 110 hivi. Kaya 27, bila kuhesabu shimo lenyewe wala bwawa.